Vumbi Lisilozimika: Safari ya Fidia kutoka Prieska hadi London

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii huelekezwa kwa mgonjwa. Humkemea anayejua kuwa anaugua akanyamaza. Hata hivyo, yapo maradhi yasiyofichwa na mgonjwa. Hujificha yenyewe, yakalala kifuani kwa miaka ishirini, thelathini, hata arubaini, ilhali mwenye kifua anafanya kazi, anaoa na kulea watoto bila ya kushuku lolote. Na wapo wafichaji wengine ambao methali haikuwataja: wale walioyajua maradhi hayo kabla ya mgonjwa mwenyewe kuyajua, wakaona ni heri wanyamaze. Mficha maradhi wa aina hii kifo hakimuumbui yeye. Humwendea mtu mwingine kabisa, aghalabu maskini, na kumwacha mfichaji akihesabu faida yake.

Jiwe linaloleta maradhi hayo huitwa asbesto. Ni jina lenye asili ya Kigiriki na maana yake ni kitu kisichozimika. Makaburu walioishi katika nyanda kame za Rasi ya Kaskazini, Afrika Kusini, waliliita jiwe la sufi, kwa kuwa hufumuka nyuzi nyuzi mithili ya sufi ya kondoo. Kwa hakika ni jiwe la ajabu. Haliungui kwa moto, na juu ya hayo huweza kusokotwa na kufumwa kama pamba. Karne ya ishirini ililipenda mno. Lilizungushiwa mabomba ya mvuke na injini za meli, likatiwa katika breki za magari, likachanganywa na saruji na kuezekea nyumba. Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda mbali kulishuhudia. Mapaa ya kijivu ya shule na nyumba nyingi za watumishi wa serikali yalitengenezwa kwa mabamba yake, na katika kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 asbesto iliorodheshwa miongoni mwa taka hatari.

Nyuzi hizo zinapovunjika huwa vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho. Likivutwa pamoja na hewa, huingia hadi vijumba vya mwisho vya mapafu na kukwama humo; mwili hauwezi kulitoa wala kuliyeyusha. Baada ya miaka mingi mapafu hujaa makovu na kukakamaa, hata mgonjwa akatweta kwa kupanda ngazi chache tu. Huo ndio ugonjwa uitwao asbestosisi. Wengine hupata saratani ya mapafu. Wengine hupatwa na mesotelioma, saratani ya utando unaoyazunguka mapafu, ambayo huchukua miongo kadhaa kujitokeza lakini ikishajitokeza humwondoa mtu upesi, mara nyingi kabla ya miaka miwili kwisha. Maradhi haya basi huja polepole na kuondoka na mtu kwa haraka. Sheria nayo, kama itakavyobainika, ni nyepesi kufunga mlango na nzito kuufungua. Katika pengo lililopo kati ya mwendo wa maradhi na mwendo wa sheria ndimo yalimopotelea maisha ya watu wengi.

Kwamba vumbi hili huua si jambo lililogunduliwa jana. Mwaka 1924 mwanamke mmoja aliyekuwa akisokota nyuzi za asbesto katika kiwanda cha mji wa Rochdale, Uingereza, alifariki akiwa na umri wa miaka 33, na daktari aliyeyachunguza mapafu yake akaandika habari zake katika jarida la utabibu. Mwaka 1930 wataalamu wawili, Merewether na Price, waliiwasilishia serikali ya Uingereza ripoti kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya asbesto, na mwaka 1931 zikatungwa kanuni za kupunguza vumbi viwandani. Kanuni hizo zilimlinda, japo kwa uchache, mfanyakazi wa Uingereza. Hazikuvuka bahari kumfuata Mwafrika aliyekuwa akilichimba jiwe lenyewe. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake wawili walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 33 wa mesotelioma, ambao karibu wote walikuwa na uhusiano na vilima vya asbesto vya Rasi. La kutisha zaidi ni kwamba baadhi yao hawakuwa wachimbaji. Walikuwa watu waliokulia karibu na migodi, wakicheza katika vumbi lake utotoni.

Kampuni iliyokuwa kinara wa biashara hiyo iliandikishwa Uingereza mwaka 1893 kwa jina la Cape Asbestos. Ilichimba asbesto ya buluu huko Koegas, ikajenga kinu cha kusagia katika mji mdogo wa Prieska kando ya mto Orange, na mwaka 1925 ikatwaa mgodi wa asbesto ya kahawia huko Penge, katika mkoa ambao leo huitwa Limpopo. Mgodi wa Penge uliendeshwa kupitia kampuni tanzu iliyopewa jina Egnep. Msomaji akilisoma jina hilo kinyumenyume atakuta ni Penge ileile. Mwanafunzi wa fasihi angedhani ni jazanda iliyobuniwa na mwandishi wa tamthilia: mali ni ileile, mgodi ni uleule, ila jina limegeuzwa ili mwenyewe asitambulike kwa urahisi. Lakini si jazanda. Ni jina lililoandikwa katika daftari la serikali.

Kazi ilifanywa na jamaa nzima nzima. Wanaume walichimba, wanawake na watoto waliketi wakiponda mawe kwa nyundo ili kutenganisha nyuzi na mwamba. Daktari Gerrit Schepers, aliyeitembelea Penge mwishoni mwa miaka ya 1940, alisimulia baadaye jinsi alivyowakuta watoto ndani ya magunia makubwa wakiikanyaga asbesto ili ishindiliwe vizuri, huku msimamizi mwenye mjeledi akihakikisha hawasiti. Eksirei za baadhi yao tayari zilionyesha asbestosisi. Hao ni watoto wasiotia saini mkataba wowote, wasiojua jina la kampuni wala mji yalimo makao yake makuu. Miaka hamsini baadaye sheria ingewataka waeleze yote hayo kwa ushahidi.

Kabla ya kuifuata safari yao mahakamani, yafaa neno fidia lenyewe lichunguzwe. Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya awali ni kile kinachotolewa ili kumkomboa mateka au mtumwa. Katika dini ya Kiislamu, asiyeweza kufunga kwa sababu ya uzee au maradhi yasiyotarajiwa kupona hutoa fidia kwa kuwalisha maskini. Katika matumizi hayo mawili kuna wazo la badala: kitu kimoja kinatolewa na kingine kinakombolewa. Mateka hurudi nyumbani. Mzee anaondokewa na deni la saumu. Mahakama nazo hudai kuwa fidia humrudisha aliyedhurika, kadiri fedha ziwezavyo, katika hali ambayo angekuwamo asingedhurika. Je, pafu lililokakamaa hurudishwa na nini? Hapa neno linalemewa na mzigo wake. Fidia ya mgonjwa wa asbesto haimkomboi mateka yeyote; kwa kadiri kubwa ni ungamo la mdhalimu linaloandikwa kwa tarakimu. Pamoja na hayo wagonjwa waliidai, na walikuwa na haki ya kuidai, kwani pasipo tarakimu hizo hakuna ungamo lolote.

Mdai wa fidia hukabiliwa na malango matano, na kila lango lina bawabu wake.

Lango la kwanza ni la tabibu. Mdai sharti athibitishe kuwa anaugua, na kuwa anachougua kimetokana na asbesto na si kitu kingine. Katika nchi ya migodi ambako kifua kikuu kimeenea na wanaume wengi huvuta sigara, hilo si jambo dogo. Picha ya eksirei husomwa na wataalamu, pumzi hupimwa kwa mashine, historia ya kazi huandikwa mwaka baada ya mwaka. Nchini Afrika Kusini upo utaratibu wa kisheria ambao kwao moyo na mapafu ya mchimba migodi aliyefariki huweza, kwa idhini ya jamaa zake, kutolewa na kupelekwa Johannesburg kuchunguzwa, na matokeo yakatumiwa kuipatia familia fidia. Yaani mtu huzikwa nusu, na nusu iliyobaki husafiri kwenda kutoa ushahidi. Familia zilizokuwa na imani kwamba maiti haipaswi kukatwa zililazimika kuchagua kati ya heshima ya marehemu na riziki ya mayatima. Fauka ya hayo, hata wale waliothibitishwa kuwa wagonjwa hawakulipwa kwa kipimo kimoja: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, sheria ya nchi hiyo ya fidia kwa maradhi ya migodini iliwabagua wachimbaji kwa misingi ya rangi. Pafu la mweupe lilikuwa na bei yake, na la mweusi bei yake.

Lango la pili ni la muda. Sheria za nchi nyingi humtaka aliyedhurika afungue kesi kabla ya miaka fulani kupita. Sababu yake inaeleweka. Ushahidi huchakaa na mashahidi hufa, na mtu hapaswi kuishi maisha yake yote akitishwa na kesi ya jambo la kale. Sheria ya Kenya ya ukomo wa mashtaka, kwa mfano, humpa mdai wa madhara kama haya miaka mitatu. Lakini miaka mitatu ihesabiwe kuanzia lini? Ikihesabiwa tangu siku vumbi lilipoingia kifuani, basi haki ya mdai ilikufa miongo mitatu kabla ya maradhi yake kuzaliwa. Ndiyo maana sheria hiyohiyo, katika kifungu chake cha 27, humruhusu mdai kuomba nyongeza ya muda iwapo mambo ya msingi ya kesi yake hakuyajua wala hakuweza kuyajua mapema. Ni mwanya mdogo lakini wa muhimu. Hulazimisha swali jingine ambalo mawakili hupigania kwa siku nyingi: mtu hujua lini kuwa anaumwa? Ni siku alipoanza kukohoa, siku daktari alipomwambia, au siku alipofahamu kuwa kuna mtu wa kulaumiwa? Mwanaisimu angesema kuwa kesi nzima huweza kusimama au kuanguka kwa maana ya kitenzi kimoja, kujua.

Lango la tatu ni la jina. Nani hasa ashtakiwe? Mchimbaji wa Penge aliajiriwa na Egnep, na Egnep ilikuwa kampuni tanzu. Kisheria kila kampuni ni nafsi inayojitegemea, na madeni ya mtoto si madeni ya mzazi. Isitoshe, Cape ilikuwa imeuza migodi yake mwaka 1979 na hatimaye haikubakiwa na mali yoyote Afrika Kusini. Kumshtaki mtoto kulikuwa sawa na kumdai maiti. Mawakili wa wagonjwa kwa hiyo walijenga hoja ya aina nyingine. Hawakusema kuwa mzazi alipe kwa kosa la mtoto. Walisema kuwa mzazi mwenyewe ndiye aliyekosa: kwamba maamuzi makuu yalifanywa London, kwamba wakurugenzi wa London walijua hatari ya vumbi, na kwamba anayeshika usukani huku akijua mwamba uko wapi hawezi kumsingizia nahodha mdogo meli inapozama.

Lango la nne ni la mahali, na hapa ndipo vita vikali zaidi vilipopiganwa. Februari 1997 wadai watano walifungua kesi dhidi ya Cape jijini London. Kampuni hiyo haikuanza kwa kujibu iwapo iliwadhuru au la. Iliomba tu kesi isimamishwe, kwa hoja kwamba mahali pafaapo kuisikilizia ni Afrika Kusini: huko ndiko walikoishi wadai, huko ndiko lilikokuwa vumbi, huko ndiko walikokuwa mashahidi. Kinadharia ilikuwa hoja yenye uzito. Kwa vitendo ilikuwa na maana moja tu, kwamba kesi isisikilizwe popote. Januari 1998 Mahakama Kuu iliikubali hoja hiyo. Julai mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ikaikataa. Kisha wadai wengine kwa maelfu wakajitokeza, na Cape ikaomba upya. Julai 1999 jaji mwingine akaisimamisha kesi, na Novemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikamwunga mkono. Miaka karibu mitatu ilikuwa imepita na hakuna shahidi hata mmoja aliyekuwa ameulizwa habari za vumbi.

Tarehe 20 Julai 2000 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa Uingereza wakati huo, lilitoa uamuzi wake katika shauri ambalo wanasheria hulijua kwa jina la Lubbe dhidi ya Cape. Aliyelipa shauri hilo jina lake hakuwapo kuusikia. Alikuwa amekwisha kufariki, na kesi iliendeshwa na msimamizi wa mirathi yake. Kwa wakati huo wadai walikuwa wamepita 3,000. Lodi Bingham, aliyesoma hukumu kuu, alikubali kuwa Afrika Kusini ndiyo iliyokuwa na uhusiano wa karibu zaidi na shauri hilo. Lakini aliuliza swali ambalo mahakama za chini zilikuwa zimelipita upande: je, huko wadai wangeipata haki kwa kweli? Msaada wa kisheria wa serikali ya Afrika Kusini kwa madai ya madhara ya mwili ulikuwa umeondolewa. Hakukuwa na dalili ya kuaminika kwamba mawakili wangejitolea kuibeba kesi kubwa kiasi hicho, yenye kuhitaji madaktari na wataalamu wengi, kwa matumaini ya kulipwa ikishinda. Taratibu za kuendesha kesi ya watu maelfu kwa pamoja nazo zilikuwa bado changa. Serikali ya Afrika Kusini yenyewe iliingia katika shauri hilo na kuwaunga mkono wadai. Haikuona kuwa heshima yake inavunjwa kwa raia wake kusikilizwa ng'ambo. Malodi wote watano walikubaliana: kuwanyima wadai mahakama ya London kungekuwa ni kuwanyima haki yenyewe. Kesi iendelee.

Hapa msomaji ataona jambo lililo wazi lakini husahaulika upesi katika mijadala ya sheria. Haki iliyoandikwa katika kitabu na haki inayoweza kufikiwa ni vitu viwili tofauti. Mtu anaweza kuwa na haki kamili ya kushtaki lakini akakosa nauli ya kumfikisha kwa wakili, eksirei ya kuthibitisha maradhi yake, na lugha ya kueleza alichotendewa. Mkubwa wa uamuzi huo wa mwaka 2000 ni kwamba mahakama iliuhesabu umaskini wa mdai kuwa jambo la kisheria, ambapo kwa kawaida huchukuliwa kuwa bahati mbaya isiyoihusu mahakama.

Laiti hadithi ingekomea hapo. Lango la tano ni la malipo, na dawa ya deni ni kulipa, si kushindwa kesi. Idadi ya wadai ilipanda hadi 7,500. Desemba 2001 pande zote mbili ziliafikiana nje ya mahakama kwamba Cape ingelipa pauni milioni 21. Wagonjwa walingoja. Mwaka 2002 tarehe ya malipo ilifika na kupita, kampuni ikieleza kuwa hali yake ya fedha haikuiruhusu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa mwenye mapafu mabovu huumiza zaidi ya matumbo. Machi 2003 yalifikiwa makubaliano mapya: Cape ilipe pauni milioni 7.5, na mchango mwingine utoke kwa Gencor, kampuni ya madini ya Afrika Kusini iliyokuja kumiliki baadhi ya migodi hiyo baadaye na ambayo wakati huo ilikuwa katika mpango wa kuwagawia wenye hisa mali yake. Hesabu ya fungu la Cape haihitaji kikokotoo. Pauni 7,500,000 zikigawanywa kwa watu 7,500, kila mmoja ana 1,000. Wengi walikuwa wamekwisha kufa, na fungu lao likawaendea warithi.

Je, huo ulikuwa ushindi? Swali hili halipaswi kujibiwa kwa pupa. Asemaye kuwa ni ushindi atazame ile hesabu ya pauni 1,000 kwa kifua. Asemaye kuwa ni kushindwa na atazame kilichofuata. Mwaka huohuo wa 2003 uliundwa wakfu wa fidia uitwao Asbestos Relief Trust, kwa fedha zilizotolewa hasa na Gencor, na mwaka 2006 ukafuatwa na Kgalagadi Relief Trust uliogharimiwa na wenye kampuni za Eternit. Kupitia wakfu hizo mgonjwa hahitaji tena kwenda London wala kumshtaki mtu. Anahitaji kuthibitisha kuwa alifanya kazi katika mgodi uliotajwa na katika miaka iliyotajwa, kisha jopo la madaktari lipime ugonjwa wake na kuuweka katika mojawapo ya makundi manne, kuanzia asbestosisi isiyo kali hadi mesotelioma, na kila kundi lina kiwango chake cha malipo. Utaratibu huo una ukavu wake. Mateso ya mtu yanakuwa tarakimu kutoka moja hadi nne. Lakini humfikia mgonjwa angali hai, jambo ambalo mahakama ilishindwa kulitimiza kwa wengi.

Isitoshe, hoja ya mzazi na mtoto haikufa. Kwa kuwa kesi ya Afrika Kusini ilimalizwa kwa maafikiano, swali la iwapo kampuni mama huwajibika halikuwahi kuamuliwa humo. Liliamuliwa mwaka 2012, pale Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliposema katika kesi ya Chandler dhidi ya Cape kuwa kampuni hiyo ilikuwa na wajibu wa moja kwa moja kwa mfanyakazi wa kampuni yake tanzu, huko Uingereza kwenyewe. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikawaruhusu wanavijiji wa Zambia kuishtaki London kampuni ya Vedanta kwa uchafuzi uliotokana na mgodi wa shaba. Njia waliyopita Wazambia hao ilikuwa imefyekwa na watu wa Prieska na Penge, ambao wengi wao hawakuishi kuiona ikitumika. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nacho kizazi kimoja, yaelekea, hakimalizi kesi.

Nyumbani Kenya swali hili lina sura yake. Sheria ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007 huyatambua maradhi yanayotokana na kazi, na imeyatoa madai ya mfanyakazi dhidi ya mwajiri mahakamani na kuyapeleka kwanza kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Mahakama ya Juu iliuhalalisha mpango huo Desemba 2019. Nia yake ni njema: njia fupi, gharama ndogo, bila ya haja ya kuthibitisha uzembe. Lakini lango la kwanza na la pili bado yapo. Fundi aliyevunja mapaa ya asbesto kwa nyundo bila ya kuziba pua katika ujana wake atahitaji, uzeeni, daktari anayeweza kuutambua ugonjwa wake na karatasi inayoonyesha alimfanyia nani kazi. Kwa kibarua wa kulipwa jioni kwa jioni, karatasi hiyo haikuwahi kuandikwa.

Hili linawahusu nini wanafunzi na walimu wa Kiswahili? Linawahusu sana. Kila lango kati ya hayo matano limejengwa kwa maneno. Mdai huulizwa iwapo alijua, iwapo alikubali, iwapo aliarifiwa. Mchimbaji wa Penge hakuarifiwa kwa lugha yoyote. Si yake, si ya mabwana zake. Leo fomu za madai, vyeti vya madaktari na barua za bima katika ofisi za Kenya huandikwa aghalabu kwa Kiingereza, licha ya kuwa Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Mgonjwa hutia kidole gumba chini ya sentensi asizozielewa, na kwa kidole hicho huenda akawa ameikana haki yake. Tafsiri ya fomu moja ya madai kwa Kiswahili sahihi na chepesi, yenye kueleza ukomo wa muda ni nini, kampuni tanzu ni nini, na idhini ya kuchunguza maiti ina maana gani kwa jamaa wanaoomboleza, ina thamani kubwa kuliko makala nyingi zinazorundikwa katika maktaba za vyuo vikuu.

Kazi hiyo yahitaji wanaoijua lugha, na wanaoijua wamo madarasani hivi sasa. Mapaa ya kijivu yanazeeka na kupasuka kote nchini, na watakaoyashusha wapo. Wakiambiwa mapema, kwa lugha waijuayo, kwamba bamba lilowekwe maji kabla ya kushushwa, lisivunjwe, na pua zizibwe kwa vifaa vifaavyo, huenda siku moja wasihitaji kulijua neno fidia.